Sahihi ya Bibi Vera

Salma na Kevin, mmeshinda. Tangu nikabidhi funguo za karakana mwezi uliopita, kila mkinipigia simu mnaniuliza lini nitaandika mambo ya kazini kabla sijayasahau. Basi naandika. Naandika kwa Kiswahili, kwanza kwa kuwa ninyi wawili mnakisoma, mmoja wa Wete na mwingine wa Nakuru, na pili kwa kuwa kosa kubwa kuliko yote niliyofanya kazini nililifanya kwa Kiswahili. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili tu, na cha pili nilipewa kwa sababu aliyekuwa nacho alifariki.

Najua mkiwa peke yenu mnaniita Mpelelezi. Sikasiriki. Hata ile keki mliyoninunulia siku ya kuniaga niliichungulia chini kabla ya kuikata, na mliniona. Kazi yetu ya kukarabati picha za zamani za kuchorwa ni kazi ya watu wenye shaka, na mimi nilikuja nayo shaka yangu kutoka nyumbani, sikuhitaji kufundishwa. Nilichohitaji kufundishwa ni pa kuiachia, na hapo somo lilinichelewa.

Nilizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, na kazi niliianza kwenye studio ya ami yangu ya kupiga picha. Sikupiga picha mimi. Nilikaa dirishani na brashi nyembamba kama unyasi, nikiziba madoa kwenye negativu, ile filamu inayochapiwa picha, na kutia rangi mashavu ya watu, maana picha za rangi zilikuwa bado anasa. Nimewaondolea maharusi wa Mombasa chunusi, makovu na, mara mbili, bwana harusi. Ami alisema nina mkono mtulivu na jicho baya, akimaanisha jicho lisilosamehe.

Tuliingia London, mimi na mama, mwaka ule Waasia wa Kenya walipokuwa wakikimbilia ndege kabla Uingereza haijawafungia mlango. Afisa wa Heathrow aliiinua pasipoti yangu kwenye mwanga, akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha. Ilikuwa pasipoti ya kwao, waliyoichapisha wenyewe. Nilisimama pale nimenuna, lakini sikuacha kumtazama anavyofanya, kwa sababu alikuwa anafanya kwa mpangilio. Kweli nawaambieni, vitendo vile vitatu ndivyo nilivyovifanya kwa kila picha iliyopita mbele yangu tangu siku hiyo.

Tulipanga vyumba viwili Kingsbury. Siku hizo duka la Kigujarati pale lilikuwa moja tu, na mwenye nyumba wetu, bibi wa Kiingereza, alikuwa akipanda ngazi kila tukikaanga vitunguu ili ahakikishe hakuna moto. Mama naye alihesabu vijiko kila bibi yule aliposhuka. Katika nyumba ya namna hiyo nilisoma tangazo la karakana iliyotafuta mtu mwenye mkono wa kuziba rangi, nikapanda treni hadi Holborn.

Mwenye karakana alikuwa Bwana Whitlow, mrefu, mpole wa maneno, mtu wa kufunga kila kabati kwa ufunguo. Alinipa picha ndogo ya mbwa ambayo jicho moja lilikuwa limebanduka, akasema nilirudishe. Nililirudisha kwa muda wa saa nzima. Nilipomaliza, bibi mmoja mzee aliyekuwa meza ya pembeni alikuja, akaichukua brashi mkononi mwangu bila kuniomba, akatia nukta moja nyeupe, akanirudishia. Mbwa akaanza kutazama.

"Abaki," alimwambia Bwana Whitlow, akarudi kwenye kiti chake.

Huyo ndiye Bibi Vera. Alikuwa Mrusi, amekimbia kwao akiwa msichana, akapitia nchi sijui ngapi, na sasa alikuwa anakaribia sabini na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Aliishi chumba kimoja Acton. Hati aliyokuwa nayo ilisema hana uraia wa nchi yoyote, na alikuwa akiibeba kwenye mkoba hata akienda kununua mkate. Mimi nilimwita Bibi. Alidhani ni cheo cha heshima cha Kihindi, akafurahi, nami sikumwambia vingine. Yeye aliniita Shirina, jina langu Shirin akiliongezea mkia wa Kirusi. Tulizungumza Kiingereza kibovu, kila mmoja akibomoa upande wake.

Somo lake la kwanza lilikuwa mate. Mnacheka, lakini ninyi pia mnayatumia: pamba kwenye kijiti, unailowesha mdomoni, unaiviringisha taratibu juu ya uchafu, na masizi ya miaka mia yanatoka. Mama alipoelezwa alishika kichwa. "Mwanangu, umevuka bahari uje uzitemee mate picha za watu?" Ikaja Ramadhani, koo kavu, mate hayapatikani hata ya kumeza. Bibi Vera aliona ninavyohangaika na kijiti changu. Bila kusema neno alivuta picha yangu upande wake akaisafisha kwa mate yake, kila alasiri, mwezi mzima, na Bwana Whitlow hakujua. Ningekuwa mtu mwema ningelikumbuka hilo baadaye.

Somo la pili lilikuwa mgongo. Picha ikiingia, anza nyuma: misumari, mbao, karatasi zilizobandikwa, maandishi. Kisha taa ya pembeni, ambayo inalala juu ya turubai, kile kitambaa kilichochorewa picha, na kuonyesha kila kivimbe. Kisha taa ya zambarau gizani, ambayo chini yake vanishi ya zamani inang'aa kijani na rangi mpya inabaki nyeusi. Kisha sindano, ya kuonja kama rangi imekauka au bado laini. Kisha tone la spiriti mahali pasipoonekana, maana rangi mpya huyeyuka. Mimi nililiongeza la kwangu: kwa kuwa nilitoka studio, nikaanza kuipiga picha kila kazi siku inapoingia, kabla haijaguswa na mtu. Bwana Whitlow aliona ni bidii. Kwa kweli nilikuwa najilinda.

Nilikuwa na daftari pia, la kwangu mwenyewe, nikiandika kila siku nani kagusa wapi. Fomu za karakana zilikuwa za Kiingereza na alizijaza Bwana Whitlow. Mimi nilijua kwamba siku picha itakapoharibika, wa kwanza kuulizwa atakuwa yule aliyekuja juzi kwa ndege. Kwa hiyo niliandika ushahidi wangu, na niliandika kwa Kiswahili ili asiusome mtu. Hakuna aliyekuwa ananishuku wakati huo. Nilikuwa nimejitangulia.

Mwaka wangu wa tano pale, wakati ndugu zetu waliofukuzwa Uganda walipokuwa wakishuka Heathrow na masanduku yao, na mama akiwakaribisha watu hadi jikoni hapapitiki, mfanyabiashara mmoja wa picha alituletea turubai iliyotoka kwenye mali za wakimbizi wa Kirusi. Alisema anaamini ni kazi ya Porubov. Alisema "naamini" mara tatu, na mimi nikamtilia shaka tangu mara ya kwanza.

Porubov nilimjua kwa sababu Bibi Vera alikuwa akimsimulia asubuhi tukisubiri gundi ipate moto. Alikuwa mwalimu wake. Ignati Porubov alizaliwa kwenye mji mdogo kando ya mto, mtoto wa mchora vibao vya maduka: mkate juu ya duka la mkate, buti juu ya duka la viatu. Mtu mmoja mwenye nafasi aliona kibao alichokichora kijana, akampeleka mji mkuu kusoma kwenye chuo kikubwa cha uchoraji. Kule walimfundisha kuchora mashujaa wa kale walio uchi wakiwa wameshika mikuki. Alivumilia, akafaulu, kisha akarudi kwao akasema hajawahi kumwona mtu wa namna ile barabarani. Akaanza kuchora watu aliowaona: kinyozi siku ya soko, wanawake wawili wakimsema wa tatu, mama anayesomewa barua ya mwanawe aliyeko jeshini na karani anayeisoma akiruka mstari. Picha hizo ndizo zilizompa jina. Wakubwa walizinunua, na Bibi Vera alisema wengi wao hawakutambua kwamba ndio waliokuwa wakichekwa.

Kisha, badala ya kuhamia mji mkuu akala jina lake, alifungua darasa la kuchora kwenye jengo la shule pale mjini na akafundisha hadi alipokufa. Aliwachukua wasichana wakati shule nyingine zilikuwa zikiwafukuza. Alivaa koti moja. Alikuja darasani na viazi mfukoni, akawachorisha viazi wiki nzima kabla hajawaruhusu kuchora uso. Vita vikaja, mapinduzi yakaja, njaa ikaja, naye akaendelea kufundisha, safari hii bila viazi. Alifariki wakati wa njaa ile. Bibi Vera hakuwepo. Familia yake ilikuwa imeshakimbilia kusini.

Nilisikiliza yote hayo kwa hamu, kisha nikiwa kwenye treni nikawa najiuliza mbona anamjua mno.

Turubai ile ilikuwa ya fundi viatu akimpima msichana mguu. Msichana amekaa kwenye kiti, mguu umenyooka. Fundi amepiga goti, amekishika kisigino. Ilikuwa nyeusi kwa uchafu na vanishi ya kahawia. Nilipoiweka mezani Bibi Vera alikuwa anakunywa chai. Akakiweka kikombe chini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasimama pale muda mrefu kuliko picha chafu inavyostahili. Machale yakanicheza.

"Unaijua?" nilimuuliza.

"Mimi nawajua mafundi viatu wengi," alijibu.

Nikaipiga picha kama kawaida, nikaigeuza. Mgongoni, chini ya mbao, kulikuwa na mistari miwili ya maandishi ya Kirusi kwa wino uliofifia. Nikamwomba anisomee. Aliinama, akasoma kimya, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

"Huu unasema: imesahihishwa. Porubov."

"Na wa kwanza?"

"Wa kwanza umefutika."

Haukuwa umefutika. Ulikuwa umefifia kama wa pili, si zaidi. Mimi sisomi Kirusi, lakini wino nausoma. Niliandika kwenye daftari alivyonitafsiria, nikapiga mstari chini yake.

Wiki zilizofuata nilimpeleleza, na siwafichi kwamba nilifurahia. Niliisafisha turubai kuanzia juu. Ilivyozidi kusafika ndivyo ilivyozidi kunishangaza, maana sehemu kubwa ilikuwa ya kawaida tu: msichana amekakamaa, dirisha limepinda. Lakini mkono wa fundi, ule ulioshika kisigino! Ulikuwa hai. Dole gumba lilikuwa limechorwa kwa mpigo mmoja wa brashi, mzito mwanzoni, ukaisha kwa mkwaruzo mkavu. Na mpigo ule nilishauona. Nilikuwa nikiuona kila wiki kwenye meza ya pembeni, kila Bibi Vera alipotengeneza mkono wa mtakatifu au wa mke wa mfanyabiashara. Ilikuwa namna yake.

Nilipofika kona ya chini, upande wa kulia, ilitokea sahihi chini ya vanishi ya kahawia: Porubov, kwa herufi zao. Kando yake kulikuwa na tundu dogo, nikaliziba na kulitia rangi. Bibi Vera akapita, akaona rangi yangu ni ya baridi mno, imeegemea ubuluu, akachukua brashi akaisahihisha. Jioni niliandika: "Kona ya chini kulia. Nimeziba tundu. B. Vera kasahihisha."

Picha ikarudi kwa mfanyabiashara, ikauzwa, na haikupita muda ikarudi tena pamoja na barua. Mtaalamu wa mnunuzi alikuwa ameitazama sahihi kwa kioo cha kukuzia akakuta rangi yake imetiririka ndani ya nyufa. Ninyi mnajua maana yake. Sahihi ya kweli hupasuka pamoja na picha. Ikiwa imeingia ndani ya nyufa, basi nyufa zilikuwepo kwanza. Mtu alikuwa ameitia baadaye, na mfanyabiashara, kola ngumu na sauti ya juu, akasema kwamba picha ilipotoka kwake haikuwa na sahihi yoyote inayoonekana. Kama imetiwa, imetiwa kwetu.

Bwana Whitlow alituita mmoja mmoja. Nilipoingia mimi, daftari langu lilikuwa juu ya meza yake. Alikuwa amelitoa kwenye droo yangu, jambo ambalo nilikuwa nimelitarajia kwa miaka yote ile, na bado lilinichoma. Pembeni alikaa Manubhai, karani wa ofisi ya chini, aliyetoka Kampala miezi michache tu iliyopita, suti ya kuazima, mtu mwema aliyekuwa na hamu ya kuonekana anafaa. Bwana Whitlow alikuwa amesikia kwamba anajua Kiswahili.

Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na cha forodhani. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wangu.

"Ben, usikasirike," aliniambia, yaani dada kwa Kigujarati. "Hii neno mimi najua sana. Kampala, customs, kila siku ni hiyo tu: weka sahihi hapa, weka sahihi pale." Akamgeukia Bwana Whitlow akamtafsiria kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayesoma hati: "Kona ya chini, kulia. Nimefunga tundu. Bibi Vera ametia sahihi."

Bwana Whitlow akaniuliza, polepole, "Bi Shirin, je, ndivyo ulivyoandika?"

Sasa hapa nataka msome taratibu. Ninyi mnajua, na mtoto yeyote aliyewahi kurudishiwa daftari na mwalimu anajua, kwamba kusahihisha ni kuondoa makosa, na kutia sahihi ni kuandika jina lako. Manubhai alichanganya kwa nia njema. Mimi sikuwa nimechanganya. Nilikuwa na sekunde chache za kusema "hapana," na badala yake mbele ya macho yangu ilipita miwani inayofutwa, mstari wa kwanza uliofichwa na lile dole gumba. Nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba bibi huyu anaghushi kazi za mwalimu wake, na kwamba sahihi niliyoikuta chini ya vanishi aliitia yeye jioni mimi nikiwa nimeondoka, akaifunika. Nilichokuwa sina ni ushahidi, na huu hapa mtu ananikabidhi.

"Neno lenyewe," nilisema, "linakaribiana na yote mawili."

Ndivyo nilivyosema. Siku hiyo hiyo Bibi Vera aliambiwa aende nyumbani hadi mawakili wa mnunuzi watakapoamua kama suala liende polisi. Alivaa koti, akachukua mkoba wake wenye ile hati ya kutokuwa na kwao, akatoka bila kuuliza. Mtu mwenye karatasi kama ile hana pa kukosea, nami nilijua vizuri kuliko yeyote mle ndani, maana hata iliyo nzuri kama yangu ilikwaruzwa kwa ukucha.

Alhamisi Bwana Whitlow aliniagiza nichape picha zote nilizopiga za turubai ile, za kuambatisha kwenye jibu. Nikazitoa negativu, nikaiweka ya kwanza kwenye kioo chenye taa, ile ya siku turubai ilipoingia. Kwenye karatasi kona ya chini ilikuwa imetoka nyeusi tii, ndiyo maana hatukuona kitu. Lakini mimi nimekulia kwenye negativu. Katika negativu giza ni mwanga. Niliinama na kioo cha kukuzia, na pale kona ya kulia, hafifu lakini kamili, herufi kwa herufi, ilikuwapo sahihi. Turubai ilikuwa imeingia nayo, sahihi imefunikwa na vanishi aliyoipaka mtu makusudi ili ionekane ya kale.

Negativu ile ilikuwa kwenye bahasha yangu siku zote. Mimi, Mpelelezi, sikuitazama, kwa sababu nilikuwa nimeshampata niliyekuwa nikimtafuta.

Jumapili nilikwenda Acton. Chumba chake kilikuwa kisafi na cha baridi. Nilimwonyesha negativu, nikamwambia nilichosema mbele ya Bwana Whitlow, neno kwa neno, na maana yake ya kweli. Alinisikiliza amekaa kitandani, mikono magotini.

"Mstari wa kwanza unasema nini?" niliuliza.

"Vera. Darasa la tatu."

Sikuelewa mara moja. Akanieleza kama unavyomweleza mtu mzito wa akili. Picha ile aliichora yeye, akiwa na miaka kumi na mitano, wakati shule ilikuwa na njaa ya kuni na vidole vikifa ganzi. Aliuchora mkono wa fundi mara tisa na mara tisa ukatoka kama uma wa kulia chakula. Siku ya kumi Porubov alikuja nyuma yake, akaichukua brashi mkononi mwake, akauchora mkono wote kwa muda wa kusema salamu. Kisha akaigeuza turubai akaandika nyuma, kama alivyofanya kila mara, ili mtu asije akadai kisicho chake.

"Alisahihisha mahali pamoja tu katika kila picha," alisema. "Na si picha ya kila mtu. Wale aliowakatia tamaa aliwaambia 'vizuri' akapita. Mimi nililia kwa hasira siku ile. Tangu hapo kila dole gumba ninalochora ni lile. Sijui jingine."

"Na sahihi? Uliiona inatoka?"

"Niliiona. Nilijua ni ya uongo."

"Mbona ulinyamaza?"

"Kwa sababu nilijua mtaandika 'mwanafunzi asiyejulikana,' na mwenyewe ataitupa stoo. Picha nyingine za mwalimu ziko makumbusho, nimeziona vitabuni. Mkono huu aliuchora mimi nimesimama hapa, yeye hapa." Alionyesha sakafu, hatua moja kutoka alipokuwa. "Kwa hiyo hukukosea sana, Shirina. Nilificha. Ila hukuniuliza kama mtu. Uliniuliza kama afisa."

Nilitaka kulia na nikaona sina haki ya kulia kwenye chumba chake.

Jumatatu tuliingia pamoja kwa Bwana Whitlow. Nilimwomba Manubhai apande pia, kwa kuwa na yeye nilimwachia aibu isiyo yake. Niliweka negativu juu ya kioo, wakatazama kwa zamu. Kisha nikasema, "Neno nililoandika lina maana moja. Bibi Vera alirekebisha rangi yangu. Nilijua hivyo uliponiuliza."

"Ulijua?" alisema Bwana Whitlow.

"Nilijua. Nilikuwa namshuku, na neno likanipa nafasi."

Manubhai alishusha pumzi. "Arre, ben," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nimemaliza mtu kazi kwa neno moja."

"Si wewe," nilimwambia.

Bwana Whitlow aliomba radhi kwa Bibi Vera kwa namna ya Waingereza, akitazama dirisha. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Kama si Porubov, na sahihi ni ya uongo, basi nani aliichora? Mimi nilinyamaza, maana halikuwa langu. Bibi Vera angeweza kunyamaza pia. Alikwenda hadi kwenye turubai, akasimama mbele yake na koti lake.

"Mimi," alisema. "Msichana ni wangu. Kiatu ni changu. Dirisha lile baya ni langu." Akanyoosha kidole kwenye mkono ulioshika kisigino, bila kuugusa. "Huu tu ndio wake."

Tuliitoa sahihi ya uongo kwa spiriti siku hiyo hiyo. Ilitoka kwa pamba mbili. Mfanyabiashara alipoandikiwa kwamba tunayo picha inayoonyesha turubai iliingia mlangoni mwetu na sahihi ile tayari, hakujibu, wala hakuja kuichukua turubai. Ilikaa kwetu hadi Bwana Whitlow alipochoka kuizunguka akamwambia Bibi Vera aende nayo. Alikwenda nayo kwa basi, imefungwa shuka. Daftari langu nilirudishiwa. Toka hapo niliandika kwa Kiingereza, na mahali palipo wazi.

Bibi Vera alirudi kwenye kiti chake Jumanne. Salamu alinipa. Chai alinimiminia kama zamani, na Ramadhani ilipofika alivuta picha zangu upande wake bila kuombwa. Nikadhani yamekwisha. Siku moja nilikuwa naziba shavu la mtoto mchanga, nikaona rangi yangu imekuwa ya baridi, ile ile ya siku zote. Ningeweza kuirekebisha mwenyewe. Badala yake nikaisogeza picha karibu naye, makusudi, nikaweka brashi pembeni, mpini umeelekea kwake.

Alilitazama shavu lile kwa muda mrefu. Aliliona kosa, nilimwona anavyoliona. Kisha akasema, "Vizuri," akaisukuma picha taratibu upande wangu wa meza, akaendelea na kazi yake. Miaka minne tulikaa bega kwa bega baada ya hapo, na hakunisahihisha tena hata nukta moja.